Kloza si dhahabu, na Kiswahili si njama

Najua niliahidi kwamba wiki hii ningeandika habari za ofisi ya wanafunzi wa kigeni na ile fomu yao yenye kurasa kibao, lakini hiyo itasubiri. Leo nina kura nne zimenikaa kooni na lazima nizitoe.

Kwa mlioko nyumbani ambao mnauliza kila siku "besiboli ndo nini", nawapa kwa ufupi. Sisi tuliobaki kampasi likizo hii ya kiangazi (nauli ya kwenda Dar na kurudi ni miezi ya kuosha vyombo bwaloni, acha tu) tuna ligi yetu ya fantasi. Tuko 12, kila mmoja katoa dola 20. Kila mtu anajifanya mwenye timu, anachagua wachezaji wa kweli wa ligi kuu ya Marekani kabla msimu haujaanza, halafu takwimu zao za kweli zinahesabiwa. Kuna makundi 10 ya takwimu, matano ya wapigaji na matano ya warushaji. Katika kila kundi anayeongoza anapata pointi 12, wa mwisho anapata 1. Jumlisha, umemaliza. Mchezo wenyewe ulianzishwa mwaka 1980 na mwandishi Daniel Okrent na marafiki zake, wakauita jina la mgahawa wa New York walikokuwa wakila, La Rotisserie Française. Kwa hiyo tangu mwanzo ni mchezo wa watu waliokaa mezani wanabishana. Sina tatizo na kubishana.

Tatizo langu ni hili. Jumanne iliyopita mimi na mdogo wetu wa mwaka wa kwanza, yule binti wa Mombasa, tulibadilishana wachezaji. Nilimpa kloza wangu mmoja mwenye sevu 21, pamoja na mrushaji mwingine ambaye huingia kabla ya kloza. Yeye akanipa mtu wa besi ya pili ambaye kazi yake kubwa ni kuiba besi. Majina siyaweki hapa maana mjadala utahamia kwenye nani mkali kuliko nani. Kabla hata siku haijaisha zikaingia kura nne za kupinga, na kanuni yetu inasema kura ya turufu ikifika watu wanne biashara imekufa. Sababu iliyoandikwa: hakuna mtu mwenye akili timamu anayetoa kloza wa sevu 21 kwa mtu wa besi ya pili. Sababu ambayo haikuandikwa, ila ilisemwa bwaloni mbele ya sahani ya viazi, ni kwamba sisi wawili huwa tunaongea Kiswahili kwenye korido, kwa hiyo lazima kuna kitu tumepanga.

Haya. Tuanze na hiyo dhahabu yao.

Mechi ya besiboli ina awamu tisa. Mrushaji anayeanza akichoka, anaingia mwingine kumpokea, na mwingine, na mwingine. Yule wa mwisho, anayeletwa kwenye awamu ya tisa timu ikiwa inaongoza, ndiye kloza. Akimaliza mechi bila uongozi kupotea anaandikiwa sevu. Masharti yenyewe: awe wa mwisho kurusha katika timu iliyoshinda, ushindi wenyewe usiwe umeandikwa jina lake, na aidha aliingia timu ikiongoza kwa mikimbio isiyozidi mitatu akarusha angalau awamu moja, au aliingia wakati hatari ya kusawazishiwa iko karibu kabisa, au alirusha awamu tatu au zaidi hadi mwisho.

Soma tena hilo sharti la mikimbio mitatu. Awamu moja tu, unaongoza kwa mitatu, na unachotakiwa ni usiruhusu mitatu. Kwa sisi watu wa soka ni kama kipa anayeingizwa dakika ya 80 timu ikiongoza 3-0, kipenga kinalia, halafu gazetini kesho yake anaandikwa kwamba yeye ndiye aliyeokoa mechi. Karibu kila mrushaji aliyefika ligi kuu anaweza kuifanya kazi hiyo siku nyingi. Na hilo sharti la awamu tatu ni kichekesho zaidi. Tarehe 22 Agosti 2007, Texas waliifunga Baltimore 30 kwa 3. Ndiyo, thelathini. Mrushaji Wes Littleton aliingia awamu ya saba timu yake ikiongoza 14-3, akarusha hadi mwisho, akaandikiwa sevu. Aliokoa nini jamani? Kwenye ligi yetu sevu hiyo ingehesabiwa sawasawa na ya mtu aliyeingia besi zote zikiwa na watu.

Aliyeibuni hii takwimu alikuwa na nia njema, hilo nalikubali. Jerome Holtzman alikuwa mwandishi wa michezo wa Chicago. Mwaka 1959 alimwona Elroy Face wa Pittsburgh akimaliza msimu na ushindi 18 na kushindwa mechi moja tu, rekodi inayong'aa, wakati mara nyingine ushindi ule ulimwangukia baada ya yeye mwenyewe kuruhusu timu isawazishiwe. Holtzman akatafuta namna ya kuwahesabia haki wale waliokuwa wanalinda kweli. Mwaka 1969 sevu ikawa takwimu rasmi. Sawa. Lakini dawa ya ugonjwa wa 1959 imegeuka kuwa ugonjwa wenyewe, na sisi hapa kampasi tunauuziana kwa bei ya dhahabu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Cleveland ya 2007. Joe Borowski alikuwa kloza wao. Aliongoza ligi yake ya Amerika kwa sevu 45. Wastani wake wa mikimbio aliyoruhusu kwa kila awamu tisa (wenyewe wanaita ERA, na ndogo ndiyo nzuri) ulikuwa 5.07. Kwa mrushaji wa kupokea hiyo ni aibu. Timu hiyohiyo, benchi hilohilo, alikuwepo Rafael Betancourt, ERA 1.47, na alikuwa anaingia kabla ya Borowski. Nani alikuwa mrushaji bora? Mtoto wa chekechea atakujibu. Nani alikuwa anauzwa ghali kwenye ligi za fantasi? Mwenye 45. Mwaka uliofuata Borowski aliachwa na timu hata katikati ya msimu hajapita vizuri.

Ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo wale wanne hawataki kulisikia: sevu haitokani na mkono wa mtu, inatokana na cheo alichopewa. Na cheo kinatolewa na kocha. Mpigaji anayepiga mpira ukatoka nje ya uwanja, kapiga, hakuna wa kumnyang'anya. Mwizi wa besi kaiba kwa miguu yake. Kloza anasubiri kwanza timu iongoze, iongoze kwa kiasi fulani kisizidi, na kocha aamke siku hiyo bado anamtaka. Vitu vitatu, na hata kimoja hakimo mikononi mwake.

Mnataka ushahidi kwamba cheo kinaweza kuondoka hata hujakosea? Ryan Pressly ndiye aliyekuwa kloza wa Houston walipotwaa ubingwa mwaka 2022. Mwaka 2023 akapata sevu 31. Januari 2024 Houston wakamsajili Josh Hader, na Pressly akasogezwa awamu ya nane. Sevu zake mwaka 2024: nne. Kutoka 31 hadi 4, na mkono ni uleule uliokuwa begani mwake mwaka mmoja kabla. Aliyemnunua kwa bei ya kloza alinunua kiti, halafu kiti kikahamishwa.

Edwin Díaz naye. Novemba 2022 alisaini New York Mets mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 102, mkubwa kuliko wa mrushaji wa kupokea yeyote kabla yake. Machi 2023 kwenye Kombe la Dunia la besiboli, Puerto Rico wakiwa wameshaifunga Dominican, wachezaji wanaruka na kukumbatiana, goti likaondoka. Wakati wa kushangilia! Msimu mzima wa 2023 hakurusha mpira. Nawaonea huruma waliomchagua mapema, ila najiuliza, kwa nini uliweka yai la thamani hiyo kwenye kapu lenye sevu peke yake? Na Emmanuel Clase wa Cleveland, ambaye mwaka 2024 alikuwa na sevu 47 na ERA ya 0.61, hapo hakuna wa kubisha kuhusu mkono. Julai 2025 ligi ikamweka kando wakati wa uchunguzi wa mambo ya kamari, na msimu ukaisha hajarudi. Wenye timu za fantasi waliamka asubuhi wakakuta kundi zima la sevu limefungwa. Aliyekuwa amemshikilia Cade Smith wa timu hiyohiyo, bure kabisa, akachukua kiti.

Kingine. Hii takwimu imewatia upofu hata makocha wanaolipwa mamilioni. Mwaka 2016 Zack Britton wa Baltimore alipewa nafasi 47 za sevu, akafanikisha zote 47. ERA yake 0.54. Oktoba 4 mwaka huo wako Toronto, mechi moja tu ya kufa au kupona. Sare. Ugenini ukiwa sare hakuna sevu ya kupatikana, maana wenyeji ndio wanaopiga mwisho. Kocha Buck Showalter akaleta huyu, akaleta yule, Britton amekaa nje anasubiri uongozi ambao haukuja. Awamu ya 11 Ubaldo Jiménez akarusha, Edwin Encarnación akaupiga nje na watu wawili besini, kwaheri msimu. Mrushaji bora wa mwaka hakugusa mpira, kwa sababu hali haikuwa "ya sevu". Kama takwimu inaweza kumfanyia hivyo kocha mzee, nyie wanne wa bwaloni mtapona vipi?

Naendelea, maana mlisema "hakuna mtu mwenye akili" anayetoa mrushaji wa kupokea akapokea mpigaji. Tuone basi wenye akili walifanya nini, tena kwenye ligi ya kweli. Mwishoni mwa Agosti 1990 Boston walikuwa wanautaka ubingwa wa kundi lao, wakahitaji mrushaji wa kupokea, wakamchukua Larry Andersen wa Houston mwenye miaka 37. Andersen alirusha vizuri sana, awamu 22, Boston wakatwaa kundi, halafu Oakland wakawafagia 4-0. Houston walipewa nini? Kijana wa miaka 22 wa ligi ndogo anaitwa Jeff Bagwell. Bagwell akakaa Houston maisha yake yote ya mpira, akapiga mipira 449 nje ya uwanja, mwaka 1994 akawa mchezaji bora wa ligi yake, na 2017 akaingia kwenye Jumba la Mashujaa. Kwa awamu 22!

Seattle hawakusoma hiyo habari. Julai 31, 1997 walimtaka kloza kwa hamu, Boston wakampa Heathcliff Slocumb ambaye ERA yake msimu ule ilikuwa imepita 5. Alikuwa na cheo lakini. Seattle wakatoa wawili, Derek Lowe na Jason Varitek. Mwaka 2004 Boston walipotwaa ubingwa wa kwanza tangu 1918, Varitek ndiye aliyekuwa nyuma ya mpigaji anadaka, na Lowe ndiye aliyeandikiwa ushindi katika mechi ya kumaliza ya kila hatua, zote tatu. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Slocumb alitembezwa.

Najua kuna mtu atanitupia Chicago Cubs ya 2016, kwa hiyo nimtangulie. Ndiyo, Julai ile Cubs walitoa kijana wao wa thamani, Gleyber Torres, na wengine, ili wampate Aroldis Chapman, na wakatwaa ubingwa wa kwanza tangu 1908. Sitabisha, kwa Cubs ilistahili, nami ningefanya. Timu iliyosubiri miaka 108 haihesabu senti. Ila tuangalie ile mechi ya saba, Novemba 2. Chapman alichoka, akaruhusu Rajai Davis asawazishe awamu ya nane. Awamu ya 10 Cubs wakaongoza, na aliyeitwa kumtoa mtu wa mwisho, mtu wa mwisho wa miaka 108, ni Mike Montgomery. Ilikuwa sevu yake ya kwanza katika ligi kuu. Ya kwanza! Siku yenye uzito kuliko zote walimwita mkono uliokuwa tayari, cheo hawakukiuliza.

Sasa rudini kwenye biashara yetu, na karatasi mbele.

Mimi kwenye kundi la sevu naongoza, nina 68. Wa pili ana 55. Nina makloza wengine wawili. Hata huyu akiondoka na sevu zake kumi na kitu za miezi miwili iliyobaki, nabaki wa kwanza, mambo yakiharibika sana nakuwa wa pili, nimepoteza pointi moja. Sevu ya 69 hainipi kitu. Ya 80 hainipi kitu. Ni kama kujaza ndoo iliyokwisha jaa, maji yanamwagika na bili inakuja. Kwenye wizi wa besi je? Nina 61, waliopo juu yangu wana 63, 66 na 67. Na tangu 2023 ligi ilipozipanua besi na kuwazuia warushaji kumtishia mkimbiaji mara nyingi wanavyotaka, wizi umepanda sana (besi 2,486 mwaka 2022, besi 3,503 mwaka 2023), kwa hiyo mtu mmoja mwenye mbio anaweza kukusogeza ngazi tatu ndani ya wiki chache.

Yeye kwenye sevu ana 27, wa mwisho. Juu yake kuna mwenye 29, mwenye 31, mwenye 32 na mwenye 36. Akipata kumi za ziada anawafikia karibu wote. Wizi wa besi kwake umejaa hadi pomoni, huko ndiko anakoongoza. Kwa maneno mengine mimi nilikuwa na ndoo yangu inayomwagika, yeye na yake, tukabadilishana maji. Kama hiyo si biashara halali, basi soko la Kariakoo lote lifungwe.

Na yule mrushaji wa pili niliyemuongeza ndiye kitu kizuri kuliko vyote, na hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyemtaja. Hana sevu hata moja. Ni yule wa awamu ya nane, anayeletwa wapigaji wakali wa upande wa pili wanapokuwa zamu. Watu wanawapita hawa kwenye orodha ya wachezaji huru kama mabaki ya wali. Hesabu ndogo tu: timu yako ina awamu 1,000 kwa ERA ya 4.00. Muongeze mtu wa awamu 65 mwenye ERA ya 2.00. Unashuka hadi 3.88. Kwenye ligi iliyobanana kama yetu hiyo ni pointi mbili, tatu, bure, na bado una tiketi ya bahati nasibu: kloza wa timu hiyo akiumia, akiuzwa mwisho wa Julai, au akianza kuwapa wapigaji besi za bure usiku baada ya usiku, kiti ni chake. Ndivyo ninavyoendesha benchi langu tangu mwaka wa pili. Sinunui kloza. Naokota mikono mizuri mwezi Aprili, nangoja, makocha wanawapa vyeo, halafu Julai nauza cheo kwa anayekihitaji. Makloza wangu watatu wote wa mwaka huu niliokota hivyohivyo.

Binti alilijua hili kabla hata sijamweleza, na hapa ndo nafika kwenye Kiswahili chetu cha korido kilichowanyima watu usingizi. Mnataka kujua tulipanga nini? Nilimtajia kloza. Akaniuliza:

"Kaka, huyo wako ni mkono au ni kiti?"

Nikamwambia ukweli, zaidi ni kiti.

"Basi nitilie na mkono."

Hiyo ndiyo njama. Siku mbili alinizungusha kwa ajili ya huyo wa awamu ya nane, na mimi sikutaka kumtoa, mpaka akaniambia atampelekea ofa yake jamaa wa ghorofa ya tatu. Kama tungekuwa tumepanga tusingebishana siku mbili karibu na mashine ya kufulia. Mnayemwita mtoto anayedanganywa na kaka yake kanikamua kuliko yeyote kati yenu tangu nijiunge na ligi hii.

Maana hiyo ndiyo hoja yao nzuri, na nitaipa heshima yake: kwamba kura ya turufu ipo kuwalinda wageni wasinyonywe. Hoja ni nzuri. Ingekuwa nzuri zaidi kama ingewahi kutumika. Aprili mwaka huu mgeni mwingine, kijana mpole ambaye alikuwa hajawahi kuona besiboli maishani mwake, alishawishiwa kutoa mpigaji wake bora apewe makloza wawili, na mmoja wao alipoteza kiti wiki hiyohiyo. Kura zilizopigwa kupinga: sifuri. Mei watu wawili wanaolala chumba kimoja walibadilishana wachezaji mara tatu ndani ya mwezi. Kura: sifuri. Wao wanaongea Kiingereza chumbani usiku kucha na mlango umefungwa, hakuna aliyesikia harufu ya njama. Wakorea wetu wawili wanaongea Kikorea mezani, hakuna neno. Sisi tunasalimiana "mambo, poa" mbele ya mashine ya kufulia, tayari ni genge. Mkuki kwa nguruwe!

Kuwashuku watu kwa sababu huelewi lugha yao ni tabia mbaya, na haiwi nzuri kwa kuwa imefanywa kwenye mchezo wa dola 20. Huyu binti ana miezi 11 hapa. Darasani wanamwambia aongee kwa sauti, bwaloni wanamwambia aongee Kiingereza. Aliingia kwenye hii ligi peke yake, akajifunza mchezo kutoka sifuri kwa kutazama mechi usiku baada ya zamu ya maktaba, na mara ya kwanza alipofanya jambo la akili akaambiwa ni wizi. Juzi aliniuliza kama ajitoe. Hilo ndilo lililonifanya niandike, sevu ni kisingizio tu.

Na kura ni za siri, kwa hiyo siwezi kujua nani alipiga. Naweza kuhesabu lakini. Walio juu yake kwenye sevu, ambao wangepitwa kama biashara ingepita, ni wanne. Kura zilikuwa nne. Sisemi lolote, nimejumlisha tu.

Kura ya turufu ina kazi moja halali, nayo ni kuzuia watu wawili wasiungane kumbeba mmoja wao: mtu aliyekata tamaa anamrundikia rafiki yake wachezaji wote wazuri ili wagawane fedha. Kipimo chake ni rahisi. Chukua msimamo, uliza kila upande unapata pointi au unapoteza. Upande mmoja ukipoteza kila mahali na hauna maelezo, zuia. Pande zote mbili zikipanda, kaa kimya, hata kama zinapanda juu ya kichwa chako. Kupitwa si kuibiwa.

Kwa hiyo Jumapili naleta mambo mawili, na nawaomba sita mliobaki mnisikilize. La kwanza, kura ya turufu ifutwe, na anayeona njama aipeleke kwa msimamizi wa ligi kwa maandishi, na jina lake, na hesabu zake. La pili ni la mwakani: kundi la sevu tulibadilishe liwe sevu pamoja na holdi, ambayo ndiyo hesabu anayopewa yule wa awamu ya saba au ya nane aliyeingia kwenye hali ya sevu akauacha uongozi salama. Akina Betancourt nao wahesabiwe. Haitakuwa haki kamili, holdi nayo ina ujinga wake, lakini angalau mikono 60 itakuwa na thamani badala ya viti 30, na nyie mnaoshikilia makloza kama hati za viwanja mtalazimika kutazama mechi.

Tunakutana saa kumi jioni chumba cha televisheni, ghorofa ya chini. Biashara yetu tunaileta upya, kama ilivyokuwa, wachezaji walewale. Binti atakuja na karatasi yake ya hesabu na ataisoma mwenyewe, kwa Kiingereza, ili msikose neno. Maswali mumuulize yeye. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma.